Kimbunga Kilichorudi

3 Machi

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, ila usingizi nimeusahau. Nashukuru kimbunga kimepita mkiwa salama hapo kwenye ukumbi wa shule. Lakini Mama, msitoke. Kinarudi! Tangu asubuhi nakitazama kwenye picha hapa ofisini kwetu, Idara ya Hali ya Hewa: kimegeukia baharini na kinapata nguvu upya. Leo kina siku ishirini na nane, na katika kumbukumbu zetu zote hakuna kilichowahi kuishi hivyo. Mkuu wangu anasema kimbunga kikishapita kimepita, tusitie watu hofu bure.

Najua mwaka jana nilitabiri mafuriko, ukawaonya majirani, nayo hayakuja, mtaa mzima ukakucheka. Safari hii niamini. Ni kesho kutwa alasiri.

Mwanao

4 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mimi sijambo, magoti tu ndiyo yananisumbua. Ujumbe wako nimewasomea watu wote ukumbini. Yule seremala wa mtaani kwetu akacheka mpaka akakaa chini: "Mama Gharika kaanza tena!" Jua linawaka, kila mtu anataka kesho akaanike magodoro kwake. Nami ni mpishi wa shule, si askari, siwezi kumfungia mtu mlango.

Ila nakuamini. Niachie mimi.

Mama yako

9 Machi

Mama,

Shikamoo. Siku nne simu yako haiiti. Kilirudi siku ile ile, tena kwa upepo mkali kuliko wa kwanza. Nilimwekea mkuu picha mezani nikakataa kuondoka mpaka azitazame. Akatangaza, lakini mchana wa siku yenyewe. Sijui kama mlisikia. Nijibu hata neno moja, Mama. Naogopa.

Mwanao

11 Machi

Kipenzi changu,

Marahaba mara mia! Tu wazima, wote! Mnara wa simu ulianguka, leo ndiyo wameusimamisha. Tangazo lenu hatukulisikia.

Sasa sikia. Siku ile niliinjika maharage masufuria yote sita. Harufu ikajaa ukumbini. Nani ataondoka na njaa yake? Kila yakikaribia kuiva nayatia maji baridi, yanagoma upya. "Mpishi, bado tu?" "Bado, mwanangu, mvumilivu hula mbivu." Seremala alinichamba, weee, sikuwahi kuchambwa vile! Miaka ishirini na mbili sijachelewesha chakula hata siku moja, na siku hiyo nikawakalisha mpaka saa kumi. Hapo mbingu ikawa nyeusi tii. Seremala mwenyewe akakimbilia nyundo, akapigilia mbao milangoni.

Mtaani hakuna paa lililobaki. Lakini kulipotulia mwalimu mkuu alisimama na orodha, akaita jina moja moja. Watu mia mbili na kumi na wanne, mwanangu, na wote wakaitika! Nililia huku nacheka.

Wanauliza unakuja lini wakubebe mabegani. Nimewaambia haji. Kaa hapo hapo kwenye kiti chako, binti yangu, utuangalizie bahari. Sisi huku tunajenga.

Mama yako anayetembea kifua mbele