Rekodi Namba Tisa na Kidole Gumba Changu

Jumamosi, rasharasha tangu asubuhi.

Leo nimejifungia chumbani na rekodi kumi na mbili za piano. Zote ni muziki mmoja, ule mgumu ambao mkono wa kulia hukimbia kurasa sita bila kupumua. Wapigaji hawana majina, wana namba tu. Waamuzi tuko watatu, na mshindi atapata nafasi ya kusomea muziki Nairobi. Malori ya hapa Busia yanapiga honi kana kwamba nayo yameingia mashindano.

Namba tatu ana mbio za mtu anayefukuzwa na nyuki. Namba sita hakosei hata noti moja, na nusura nisinzie.

Namba tisa nilimpenda tangu mstari wa kwanza. Anacheza mambo magumu kwa upole, kama mtu aliyebeba trei ya mayai na bado anapiga soga. Ila kila akigusa noti ya La, ile iliyo juu kidogo ya katikati ya kinanda, anasita. Kidogo tu, halafu anaendelea. Piano yenyewe ni nzima, La inalia vizuri. Nikamkata alama mbili, nikaandika: uzembe.

Nikaisikiliza mara nne, na kule kusita kukazidi kunikera. Nikakaa kwenye kinanda changu nicheze mwenyewe, nione pale pana ugumu gani.

Kidole gumba changu kikaingia chini ya La, kikainyanyua.

Kinanda changu hakina kasoro. Lakini mimi nilijifunza Tororo, kwenye piano ya kanisa, kwa Madam Athieno. La ya piano ile ilikuwa ikizama wakati wa mvua na haipandi tena. Madam akatufundisha kusita kidogo, kuinyanyua kwa gumba na kusonga mbele. Sidhani kuna mwalimu mwingine duniani anayefundisha hivyo!

Basi namba tisa ni mwanafunzi wake. Ni mdogo wangu, hata kama sijui jina lake.

Nilitamani kunyamaza. Waamuzi wenzangu wanapenda mbio, na alama zangu ndizo zingembeba. Lakini Madam hakunilea hivyo. Nikampigia mwamuzi mkuu, nikamwambia mkono huo naujua. Akanishukuru, akafuta alama zangu zote za namba tisa. Sasa namba tisa amebaki na alama za wale waamuzi wawili. Roho imeniuma, siwezi kudanganya.

Jioni nikampigia Madam kumjulia hali. Mashindano sikuyataja. Nikauliza tu kama La bado inazama.

"Nabwire! Hiyo walitengeneza zamani sana," akacheka. "Ni mimi, mkono yangu ndio bado haijajua. Na hawa watoto wanaangalia mkono yangu."

Nimerudi kwenye kinanda. Nimejaribu kuipita La bila kuinyanyua, na mara ya kumi nimeweza. Muziki ulikuwa safi, na sikuupenda hata kidogo.

Namba tisa, ukishindwa, ujue Busia kuna mtu anayesita pale pale unaposita.