Baisikeli ya Kike na Mkono wa Mgongoni

Bariadi,
Jumapili, mwezi wa tatu.

Kwa mama mkwe wangu, Mama Shija, Bukundi.

Mwangaluka, mayu. Naandika jua likiwa kali, lakini dereva wa basi huwa anamkabidhi Kabula mizigo asubuhi, kwa hiyo nakusalimu kabisa salamu ya asubuhi ili ikufikie kwa wakati wake. Goti lako linasemaje? Mvua imewafikia, au bado inaishia kwenye mawingu? Na yule ng'ombe mwenye baka jeupe, ameshazaa? Nkwimba ananiuliza habari zake karibu kila siku kama vile mimi namkamua hapa Bariadi.

Sisi tupo. Nkwimba anasoma vizuri na amerefuka, sketi ya shule imepanda juu ya magoti. Anacheka kama baba yake, kwanza anafumba macho ndipo sauti inatoka.

Kabula, wifi yangu, najua ni wewe unayesoma. Soma polepole. Pale penye maneno ya fundi umweleze mama kwa Kisukuma, maana hata mimi ilibidi nielezwe mara mbili. Ningeweza kupiga simu, lakini ulipopokea juzi nilishindwa kusema neno hadi salio likaisha, ukadhani ni mtandao. Haukuwa mtandao. Nimepatwa na jambo ambalo mpaka leo mwili wangu haujalizoea, na nalieleza hapa kwa sababu mwisho wake nahitaji neno lako, mayu.

Unakumbuka siku tulipomzika Shija, watu walipoanza kutawanyika, ulinishika mkono pale kwenye mlango wa zizi. Uliniambia, "Minza, mimi sitazika tena mtu wa pikipiki. Niahidi." Nikakuahidi. Tangu siku ile sijapanda bodaboda, hata mvua ikinyesha, hata Nkwimba alipougua nilimbeba mgongoni mpaka zahanati, na alikuwa ameshakuwa mkubwa.

Sasa nilihamishiwa jiko la ile shule ya bweni iliyo juu ya kilima. Uji unatakiwa uwe tayari kabla wanafunzi hawajaingia darasani, kwa hiyo mpishi anafika kukiwa bado giza. Kilima kile ni kirefu na kimejaa mawe, na wenzangu wote wanapanda bodaboda. Mimi natembea. Msimu wa kiangazi niliweza. Mvua zilipoanza, njia ikawa utelezi, goti langu nalo likaanza kufanana na lako, na uji ukachelewa zaidi ya mara moja. Matroni aliniita pembeni. Hakunikaripia. Alisema kwa upole kwamba Pasaka ikipita na hali ikiwa hivi hivi, itabidi atafute mtu anayekaa karibu. Angenikaripia nisingeogopa, lakini ule upole ulinitisha.

Ndipo Mama Sayi, mpishi mwenzangu, akanipeleka kwenye duka moja la sola karibu na stendi, ambako kuna fundi anaitwa Dotto aliyeleta baisikeli za umeme kutoka Mwanza. Swali langu la kwanza lilikuwa lako, mayu. Nilimuuliza kama hiyo ni pikipiki. Akacheka, akasema pikipiki inakunywa petroli, hii inakunywa umeme kama simu. Jibu hilo halikunitosha, maana sidhani kama wewe unachokichukia ni petroli.

Zilikuwa tatu. Ya kwanza ilikuwa na kile chuma cha juu, kama baisikeli zote za wanaume, na Dotto aliisifia kwamba ni imara na bei yake ndogo. Nikamwambia mimi navaa gauni na kitenge, na goti hili haliwezi kuvuka pale juu, siwezi kurusha mguu kama mtu anayepanda punda mbele ya wanafunzi. Mama Sayi akasema uji hautanywewa siku hiyo, watoto watashinda wanasimulia. Tulicheka, lakini mimi nilikuwa nakitazama kile chuma. Nilikumbuka Shija aliponipokea kwenye gari nilipokuja kwenu mara ya kwanza. Alinikalisha kwenye chuma kama kile, na kabla sijakaa alivua sweta lake akalizungusha pale nisiumie. Nilipofika kwenu mlilishangaa sweta lililojaa vumbi, wala sikusema.

Mbili zilizobaki zilikuwa za kike, zile ambazo fremu imeinama katikati, unaingiza mguu tu kama unavuka kizingiti. Nyekundu ilikuwa mpya na bei yake ni kama mtamba mmoja. Ya kijani ilikuwa ya mtumba, imechubuka, na bado ilikuwa ghali kuliko nyekundu, mtamba na mbuzi juu yake. Nikashangaa. Dotto akaeleza kwamba betri ya kijani inachomoka, unaibeba kama dumu dogo na kuichaji ndani, tena breki zake ni za kuaminika kwenye mteremko. Betri ya nyekundu haichomoki, na ni nzito kama mfuko wa mchanga. Mimi moyo ulikuwa kwa nyekundu kwa sababu zamu yangu ya upatu kwenye kikundi ingeitosha bila kumsumbua mtu. Dotto akasema, "Mama, hapa stendi ni tambarare, kila baisikeli ni malaika. Twende kilimani ukazijue tabia."

Tukaenda, jioni, tulipotoka kazini.

Nilianza na nyekundu. Ina kipini mkononi, ukikizungusha inaondoka yenyewe. Nilizungusha kidogo tu ikaruka mbele. Miguu yangu ilikuwa inaning'inia haina kazi, upepo unanipiga usoni, na mayu, nilikuona pale mlango wa zizi. Hii ilikuwa pikipiki waliyoipachika pedeli za kupendezea. Nilikuwa nataka kushuka, ila sikuhitaji kuisimamisha, kwa sababu katikati ya kilima ilianza kuguna, ikatoa harufu ya kitu kinachoungua, ikagoma. Dotto akatetea kwamba betri haikuwa imejaa. Mama Sayi akamuuliza kama na mlima nao haukuwa umejaa. Basi tukaikokota chini.

Sasa Kabula, hapa ndipo usome taratibu.

Nilipanda ya kijani. Haina kipini. Dotto alibonyeza kitufe fulani, akaniambia nikanyage tu kama baisikeli ya kawaida. Nikakanyaga, ikawa nzito kidogo kama baisikeli yoyote kwenye mlima. Nikakanyaga tena. Halafu nikasukumwa.

Mayu, nilisukumwa. Sikuvutwa kwa mbele wala sikuinuliwa. Nilisukumwa kwa nyuma, polepole lakini kwa nguvu, vile vile kama tulivyokuwa tunatoka mto wa mchanga kupanda kuja kwako, mimi na baisikeli yangu na Shija na ya kwake, mkono wake mmoja umeshika usukani na mwingine uko mgongoni mwangu, chini kidogo ya bega. Wewe mwenyewe ulinionyesha mahali hapo siku moja jikoni kwako, ulinigusa kwa kiganja chenye unga, ukaniambia baba mkwe wangu alikuwa anakusukuma hapo hapo mkienda kuuza mahindi. Na kwamba Shija alikuwa mtoto mchanga umembeba mgongoni, kwa hiyo ule mkono ulikuwa unamgusa yeye kwanza ndipo unakufikia wewe. Ulisema hata kutembea alikuwa hajui, lakini kusukuma alishajifunza.

Nikasema kwa sauti, kwa Kisukuma, "Niache, Shija, naweza." Nilikuwa namwambia hivyo kila siku, kwa aibu ya watu. Lilitoka lenyewe. Na nikageuka.

Hapakuwa na mtu. Palikuwa na barabara, na chini kabisa Mama Sayi amejiziba mdomo kwa mkono, na Dotto anapanda mbio. Miguu iliacha kukanyaga na ule mkono ukaondoka papo hapo. Baisikeli ikaanza kurudi nyuma. Nisingekuwa kwenye ya kike ningeanguka na kuvunjika. Nilishusha miguu yote miwili chini nikasimama, nimeukumbatia usukani.

Dotto alifika akiuliza kama nimepigwa shoti. Nilichoweza kumuuliza ni kwa nini imeacha.

Akasema, "Si umeacha kukanyaga, mama? Ukikanyaga inasukuma. Ukiacha, na yenyewe inaacha."

Nikakaa kwenye jiwe. Kabula, wewe unajua. Kaka yako alipokuwa anakufundisha baisikeli uwanjani pale kwenu alikuwa anakwambia nini? Mimi aliniambia hayo hayo kwenye kile kilima, nilipochoka nikataka anibebe: "Kanyaga, Minza. Ukiacha, na mimi naacha." Sasa maneno yake yanatoka kwa mtu ambaye hakuwahi kumwona, anayefuta grisi kwenye suruali.

Mama Sayi naye akatufikia. Alikuwa amelisikia lile jina. Alimwambia Dotto akaangalie matairi, na yeye akakaa nami kwenye jiwe mpaka nilipoweza kusimama. Sikuichukua baisikeli yoyote. Nilimwambia Dotto asante, nikashuka kwa miguu.

Siku zilizofuata nilitembea. Lakini njia ilikuwa imebadilika. Nikifika pale kwenye lile jiwe mgongo wangu unasubiri. Uji ukachelewa tena na matroni akaona. Mwishoni nikarudi dukani nikamwomba Dotto anifungulie niione hiyo mota. Siku hiyo hakutania. Alilaza baisikeli, akafungua gurudumu la nyuma, akanionyesha: nyaya nyembamba za shaba zimezungushwa kama uzi kwenye bobini ya cherehani, na sumaku zimepangwa pembeni. Nilitazama kwa muda mrefu. Hamna kitu kingine mle ndani, mayu. Nilimuuliza kama nguvu zake zinaweza kupunguzwa. Akanionyesha kitufe, akasema inapungua hadi ndogo kabisa, hata kuzima inazimika ikabaki baisikeli ya kawaida.

Kisha akasema, "Ukitaka ile nyekundu nitakupunguzia bei uende nayo leo. Lakini mimi nisingekuuzia, baada ya kuona ulivyopanda na hii."

Mama Sayi aliniachia zamu yake ya upatu ili nifikishe bei. Nimeichukua ya kijani. Nilianza nayo ikiwa imezimwa, kwenye tambarare, nikajifunza uzito wake na breki zake. Halafu asubuhi moja nilipofika chini ya kilima nikabonyeza ile ndogo kabisa. Ilinijia. Nilijua inakuja na bado nilishtuka, machozi yakanitoka mpaka getini. Uji uliwahi. Umewahi juma lote. Bado nashtuka kila siku, pale pale, ila sasa sigeuki. Nakanyaga.

Wewe utasema ni yeye. Dotto anasema ni shaba na sumaku, na nimeziona. Mimi sina elimu ya kubishana na yeyote kati yenu, na kusema kweli sitaki.

Ninachotaka kukuuliza ni kile cha mlango wa zizi. Je, nimevunja ahadi? Mimi naona sikuivunja. Haiendi nisipoenda, haikimbii kunishinda, mlimani inakwenda mwendo wa mtu anayetembea kwa haraka. Lakini ahadi niliitoa kwako, sikuitoa kwangu mwenyewe. Dotto amekubali kuipokea na kunirudishia fedha mpaka Pasaka. Ukisema ni pikipiki, nitairudisha bila kinyongo, na kazi ikiondoka nitakuja Bukundi tulime pamoja. Ukisema ni baisikeli, mwambie Kabula aniambie hilo neno moja tu kwenye simu, "baisikeli", nitaelewa.

Na kama unashindwa kuamua, njoo. Ukifika nitakuweka juu yake mwenyewe, ni ya kike, hutainua goti. Mimi nitatembea pembeni nikiwa nimekushika. Utakanyaga kidogo tu, halafu wewe ndiye utakayeniambia ni nini.

Nisalimie shemeji Luhende, na umwambie baisikeli ya kaka yake aipake mafuta mnyororo na asiing'oe kengele. Msalimie katekista aliyetusomea siku ile ya mazishi, na jirani aliyechimba kaburi bila kuitwa. Nkwimba anawasalimu shangazi yake na yule ng'ombe.

Na mimi unikumbuke, mayu. Unapoamka kwenda kukamua, ndipo mimi naanza kilima. Unikumbuke saa hiyo.

Mkweo,
Minza, Mama Nkwimba.