Zefania, Ungelala Tu

Mwaka umetimia, mpendwa wetu Zefania, tangu lori la Antipasi likurudishe Iguguno ukiwa umefunikwa shuka juu ya magunia.

Fundi wa makatambuga wewe! Ulikata matairi huku ukiimba nyimbo za kanisani kwa sauti mbovu, na kwa vipande vilivyobaki ukawatengenezea watoto wa majirani viatu vya bure. Ulijigamba kuwa hata Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, angezitupa buti zake kama angeyajaribu makatambuga yako. Tulikucheka sana.

Wahenga walisema heshima si utumwa. Loo, siku ile Shelui, nyumbani kwa mama mkwe wako Raheli, heshima hiyo ilikufunga kamba. Mmemaliza salamu tu, kifua kikakubana, mkono wa kushoto ukafa ganzi, jasho likakutoka ukiwa kivulini. Mkeo Dorika akakunong'oneza, "Baba Luciana, vua koti ulale."

"Nilale mbele ya mkwe? Una wazimu? Ni kichomi tu, kitapita."

Barabarani Antipasi alikuwa akipakia lori lake, aende Singida, iliko hospitali. Dorika alimwona kutoka mlangoni. Akisema, atakuaibisha mbele ya mama yake. Akinyamaza, lori litaondoka. Maskini, alibaki kusokota ncha ya kanga. Wewe ukaomba maji ya tangawizi, ukajilazimisha kutabasamu. Honi ikalia, lori likaenda.

Ulipoanguka kutoka kigodani, hakukuwa na gari jingine hadi Antipasi aliporudi kesho yake. Hukuiona kesho hiyo.

Daktari alitueleza baadaye: kifua kikibana hivyo, maumivu yakashika mkono, jasho baridi likatoka, huo ni moyo, na moyo haungoji. Mficha maradhi kilio humuumbua, Zefania. Tumekukasirikia, na tunakupenda. Mpaka leo Dorika akisikia honi huinuka, kisha hukaa tena, maana hana pa kwenda.

Juzi mume wa shemeji yako Leah, binti mwingine wa Raheli, alikwenda Shelui. Hata hajaketi, Raheli akamwonyesha kitanda chake mwenyewe. "Mkwe wangu, ukiumwa hapa kwangu, lala. Aibu nitaibeba mimi." Halafu akalia.

Unakumbukwa na mkeo Dorika, binti yako Luciana, kaka yako Filipo, shemeji yako Leah na mumewe, na mama mkwe wako Raheli. Daima hatutakusahau, Baba Luciana. Lala sasa. Hakuna atakayekuona vibaya.