Nukta ya Penseli

Kakuma,
13 Oktoba 1996

Kwako Dada Jerusha,

Pokea salamu za ndugu yako kutoka nchi ya vumbi. Mimi mwilini ni mzima, na ninaomba wewe, Mama, shemeji na watoto muwe salama huko Kapsowar. Mguu wa Mama unaendeleaje? Na wale wanafunzi wako wa darasa la nne, bado wanasoma mbio bila kupumzika kwenye nukta? Barua yako ya Agosti ilifika. Nimekaa nayo muda mrefu bila kuijibu, na najua umeshasema nimekuwa mtu mkubwa. Sivyo, Dada. Ni aibu iliyonishika mkono.

Uliuliza maisha ya huku. Chumba changu ni cha mabati na mchana hakikaliki. Wenzangu wa ofisini wana wake zao, au wanatorokea Lodwar kila mwisho wa wiki. Mimi nina redio, ambayo betri zake nazianika juani ili zipate nguvu kidogo. Nikiingia kwenye hoteli ya chai watu wananisalimu vizuri, kisha mazungumzo yanakatika, maana karani wa kuandikisha wakimbizi hana rafiki kambini. Jirani zangu Waturkana wananisalimu kwa lugha yao, ejok, nami najibu ejok, na hapo maneno yetu yamekwisha. Siku nyingine sauti yangu naisikia kwa mara ya kwanza saa tatu asubuhi, nikimwuliza mtu jina la baba yake. Nina upweke, Dada, sitakuficha.

Kazi yenyewe ni hii. Familia inakaa mbele yangu, mkalimani pembeni, nami nauliza majina, miaka, na nani ni mtoto wa nani. Mkuu wangu wa kwanza, askari mstaafu, ndiye aliyenifunza kwamba mwongo hujulikana kwa pumzi. Alisema nisiangalie macho, niangalie kifua: mkweli hujibu huku anapumua, mwongo hubana pumzi kwanza, akatunga, ndipo akajibu. Nikimwona wa namna hiyo nimtilie nukta ndogo ya penseli kando ya jina. Mwenye nukta hapewi kadi ya chakula hadi alete shahidi. Unajua nilivyo na majivuno tangu utotoni. Nikajifanya bingwa wa vifua, hata wenzangu wakawa wananiita niwasaidie kutazama.

Mwezi wa Machi alikuja mama mmoja Mnuer wa Sudan, jina lake Nyabol, na binti mdogo, Nyakim. Nikamwuliza mtoto alizaliwa mwaka gani. Nyabol akatazama mikono yake, kifua kikasimama kabisa, kikakaa hivyo hadi mimi nikachoka kungoja. Kisha akashusha pumzi na kutaja mwaka. Nikatia nukta. Nilidhani mtoto ni wa kuazima, ili mgao wa chakula uongezeke. Kwa nukta hiyo Nyakim akapelekwa kwenye nyumba ya watoto wasio na wenyewe, upande wa pili wa kambi, na mama akaambiwa alete mtu aliyekuwepo siku ya kuzaliwa kwake.

Juni, kifua changu mwenyewe kikaanza kunisumbua. Nikiwa kwenye daftari najikuta nashusha pumzi kama mtu aliyetua gunia. Nikaogopa ni kifua kikuu, nikapanda lori hadi Lodwar kwa daktari mmoja, Aregae. Alinipima asipate kitu. Ndipo akaniwekea kiganja mgongoni akaniambia nitoe saba kwenye mia, kisha saba tena, niendelee hivyo kimoyomoyo. Baada ya muda akacheka, akauliza nimefika wapi. Nilikuwa sitini na tano. Akaniambia tangu nianze sijavuta hewa hata mara moja.

Alinieleza kwamba sina ugonjwa. Kichwa kikipewa kazi ngumu, kifua husimama kukingoja, na kazi ikiisha pumzi yote hushuka kwa pamoja. Alisema ndivyo walivyo watu wengi: anayetia uzi kwenye sindano, anayepiga hesabu, anayetafuta neno katika lugha isiyo yake. Nikamwuliza, na mwongo je? Akasema mwongo naye, maana kutunga ni kazi. Lakini kwa kutazama kifua peke yake, yeye daktari hawezi kujua nani anatunga na nani anakumbuka. Alidhani ananipa habari njema. Nilirudi Kakuma nimekaa juu ya magunia ya mahindi, nikizihesabu nukta zangu njia nzima.

Nilimtafuta Puok, mkalimani wetu, nikamwuliza kuhusu Nyabol. Akasema, “Karani, ile mama ilikuwa nahesabu.” Akanifafanulia kwamba Nyabol hajui miaka kwa namba. Alianzia mwaka wa mafuriko, akaja mwaka ng'ombe walipokufa, akaja mwaka walipokimbia, kisha akavigeuza vyote kwa Kiarabu alichookota njiani, kwa kuwa alimwona Puok ni mtu wa ofisi, na ofisi za kwao husema Kiarabu. Nikamlaumu kwa nini hakuniambia siku ile. Akanijibu, “Wewe iko naangalia kifua tu. Wewe hapana uliza.”

Sasa ungedhani nilikimbia kufuta ile nukta. Sikufuta. Maombi yangu ya uhamisho wa Eldoret yalikuwa mezani kwa wakubwa, na kusahihisha nukta moja ni kuzifungulia mlango nukta zangu zote. Nikajiambia ningoje barua itoke kwanza. Wiki ya tatu baada ya hapo Nyabol alikuja mlangoni kwangu pamoja na Puok, akauliza kwa upole kama hakuna njia nyingine ila shahidi. Nilikuwa najua, Dada. Nilikuwa najua kila kitu, nikamjibu kwamba sheria ni sheria. Akanishukuru. Akasema basi atarudi Sudan kwa miguu kumfuata mkunga wake. Hiyo ilikuwa Julai. Hajarudi.

Barua ya uhamisho ilitoka Agosti, siku moja na barua yako. Majuto ni mjukuu. Septemba nilikwenda mwenyewe kwa wakubwa nikaeleza nukta zote, na nilichojua, na tangu lini. Uhamisho umefutwa. Sasa napanga mafaili tu huku wakiamua nifanywe nini. Kwa hiyo Desemba siji, na wale wazazi wa msichana tuliokwenda kuwaona kwa posa, waambieni wasiningoje.

Jumapili nikitoka kanisani huwa nakwenda kumwona Nyakim. Kadi yake sasa imeandikwa kwamba ni binti wa Nyabol, ila wa kumchukua hayupo. Ameanza kujua Kiswahili. Juzi aliniuliza, “Wewe ilituma mama wapi?” Puok alitaka kunijibia, nikamzuia. Nikamwambia nilimtuma mbali, na nilikosa. Akauliza kama nitakwenda kumleta.

Nisalimie shemeji na watoto. Mama akiuliza kwa nini siji, msomee barua hii yote, usiruke mahali.

Ni mimi ndugu yako,
Shadrack Kipchumba