Jina la Selwyn Katika Orodha ya Ngome

Jumatatu, 2 Oktoba 2023
Barua ya Kamati ya Kumbukumbu imewasili kwa meli ya asubuhi. Majina ya waliouawa Ngomeni, kule kisiwa kikubwa, askari walipoufyatulia umati risasi mwaka 1983, yatasomwa tarehe 19, kutimiza miaka arobaini. Jina la mdogo wangu Selwyn halimo. Sababu: alikuwa askari, na "haijathibitika alifariki katika hali gani". Wanataka shahidi mmoja aliyekuwapo, atie sahihi, kabla ya Ijumaa ya wiki ijayo.

Haijathibitika! Nimewaandikia watu wa kisiwa chetu cha Carriacou maombi zaidi ya mia mbili — pensheni, mipaka ya mashamba, pasi za kusafiria — nami sikumaliza hata shule ya msingi. Halijarudi hata moja kwa kasoro ya lugha. Hili la nyumbani kwangu limerudi mara tatu.

Mama ana miaka tisini na moja. Jiwe la kaburi la Selwyn limelala uani chini ya turubai tangu mwaka tisini na sita. Jiwe husimamishwa kwa karamu, ngoma zikilia, na waliotangulia wametengewa sahani yao isiyo na chumvi. Mama amekataa katakata lisisimamishwe bado. Mwili hatukupewa, basi jina litajwe kwanza mbele ya watu. Hapo ndipo jiwe lisimame.

Jumatano, 4 Oktoba
Nimeisuka upya aya ya pili ya ombi la Selwyn: "Marehemu alifikwa na mauti akiwakinga raia wasio na silaha dhidi ya risasi za askari wenzake." Nimeridhika nayo. Ina mizani.

Dada yangu Velma akauliza nani kaniambia hayo. Nikamjibu kwamba yanafahamika kwa kuzingatia tabia ya marehemu.

"Tabia? Selwyn huyu huyu aliyeiba mbuzi wa padri?"

Niliikunja karatasi.

Jumamosi, 7 Oktoba
Kwa Crispin Quashie, kinyozi wangu. Mwaka ule alikuwa mwanafunzi wa miaka kumi na saba. Alipanda Ngomeni pamoja na umati, risasi zilipoanza akaruka ukuta. Anachechemea hadi leo. Ananinyoa kila Jumamosi, miaka yote hii, na hatujawahi kuligusa jambo hilo. Hapa mtu husema "Oktoba" tu, kisha huuliza habari za mvua.

Nikampa karatasi. Akaisoma akiwa na wembe mkononi, povu shavuni kwangu. Akaisoma tena.

"Bwana Alban, Kiingereza cha kanisani hiki. Ulikuwepo?"

"Sikuwepo. Ndiyo maana nakuomba wewe."

Akainua kidevu changu kwa kidole. Akaanza kunyoa, na kusema, polepole, kana kwamba anazungumza na shingo yangu. Alimwona Selwyn akishuka kwenye gari la deraya. Alimjua kwa mwendo. Alimwona akipiga risasi — kwenye umati, kama wenzake. Halafu akaacha. Akasimama tu, bunduki ikiwa chini, kama mtu aliyesahau alichotumwa. Halafu akaanguka. Nani alimpiga, Crispin hajui.

Wembe ulikuwa kooni.

Nikamwambia, kwa sauti niliyoiona kuwa tulivu, kwamba tungeweza kuandika kuwa aliacha. Si uongo.

"Ukiandika aliacha, andika na alianza. Vyote viwili natia sahihi. Kimoja — mtafute kinyozi mwingine."

Shavu la kushoto alilisahau. Nimerudi nyumbani nimenyolewa nusu.

Jumapili, 8 Oktoba
Kanisani. Bi Gemma Cudjoe alikaa mbele yangu. Binti yake alikwenda Ngomeni na sare ya shule. Jina lake ni la tatu katika orodha. Wakati wa kupeana amani aligeuka, akanishika mkono kama kila Jumapili, akauliza Mama anaendeleaje.

Nilimpa mkono kama mtu anayetoa stakabadhi ya kughushi.

Jumanne, 10 Oktoba
Nimempigia simu katibu wa Kamati, nikamwuliza kwa njia ya mfano: iwapo askari alipiga, kisha akaacha, akauawa palepale, je, atahesabiwa miongoni mwa marehemu wa siku hiyo?

Akajibu kwa adabu kubwa: "Mzee wangu, andika ilivyokuwa. Lakini nisikufiche. Mstari wa mbele watakaa akina mama waliofiwa. Mimi ndiye nitakayeshika kipaza sauti. Sijui kama nitaweza."

Velma anasema tuandike kama nilivyoandika mwanzo, tutafute sahihi nyingine. Yupo binamu atakayetia hata bila kusoma. "Mama atakufa akisubiri ukweli wako, Alban."

Alhamisi, 12 Oktoba
Crispin alifika saa saba mchana. Amefunga duka. Alisimama nyuma yangu hadi nilipomaliza kuiandika upya aya ya pili. Sentensi tatu, fupi kuliko zote nilizowahi kuandika: Alipiga risasi kwenye umati. Aliacha. Aliuawa. Akatia sahihi, akanishika bega, akaenda zake.

Meli inaondoka saa tisa na nusu. Sasa ni saa nane na robo. Nilikuwa nimekwisha kuifunga bahasha Mama akaita: asomewe kabla haijaondoka. Yeye ndiye husomewa kwanza maombi yangu yote.

Nikasoma anwani. Nikasoma utangulizi — amelala, macho yamefumbwa, anatikisa kichwa pale panapompendeza. Nikafika aya ya pili. Nikasoma: "Aliacha. Aliuawa."

Akafumbua macho.

"Aliacha nini?"

Nikasema, kazi, Mama. Kazi ya askari.

"Umeruka." Hakupaza sauti. "Nimekusikia ukisoma tangu ukiwa na miaka sita. Rudi juu, mwanangu. Soma vizuri, usiniharakishie."

Nimemwambia niende kuchukua miwani. Ndiyo maana niko jikoni, naandika haya juu ya meza ya kukatia samaki, barua iko kando. Namsikia akimwambia Velma amwinue, amwekee mto mgongoni. Anataka kukaa wima.

Velma amesimama mlangoni.

"Alban," anasema. "Miwani umeivaa. Njoo."