Msumari wa Kutobolea Madumu

Jumatatu, 7 Aprili 1986
Nimekamua. Nimefukiza kibuyu cha maziwa. Nimeteka maji. Trekta za shamba la serikali zinapiga dawa kwenye ngano tangu alfajiri, na upepo unaleta harufu mpaka hapa Gehandu. Harufu ya mikono ya Bura. Mume wangu alitunza stoo ya dawa kule. Kila dumu lililokwisha dawa alilitoboa kwa msumari mrefu, chini, halafu ubavuni, lisitumike tena, kisha likafukiwa. Ndiyo amri. Msumari bado umechomekwa juu ya mlango. Jumamosi tunamkumbuka, mwaka umetimia tangu afariki.

Jumatano, 9 Aprili
Shemeji Tluway, mdogo wake Bura, amepata madumu meupe mawili. Mtunza stoo mpya hatoboi, anagawa. Watu wanamsifu. Shemeji ametia humo pombe ya asali ya Jumamosi. Nilimwambia yalikuwa ya dawa. Akacheka.

"Shemeji, nimeyasugua kwa majivu kama kibuyu. Majivu yanashindwa na nini?"

Kibuyu hakijawahi kubeba sumu. Jibu limenijia alipokwisha kuondoka.

Alhamisi, 10 Aprili
Nimekwenda ofisi ya shamba. Karani alinionyesha amri ukutani: madumu yatobolewe. "Sheria ipo, mama," alisema, akaendelea na chai yake. Njiani nilikutana na wanawake wakitoka kisimani. Madumu meupe mgongoni, karibu wote. Naogopa.

Ijumaa, 11 Aprili
Pombe inachacha jikoni kwa mama mkwe. Nyuki wamefuata asali. Wamelala chini kuzunguka madumu, wamekufa. Nilimwita shemeji aone. Alisema ni moshi. Hakunitazama.

Jumamosi, 12 Aprili
Niliwahi kabla ya wageni. Nilitoboa chini, halafu ubavuni. Pombe ya mume wangu yote ikaingia ardhini. Mama mkwe alinikuta nimeshika msumari. Nikamwambia shikamoo. Hakuitikia.

Wageni walikunywa chai. Mzee mmoja alisema nje, makusudi nisikie, kwamba mjane huyu amemnyima marehemu hata tone. Nina aibu. Sijuti.

Jumapili, 13 Aprili
Leo trekta kimya. Shemeji amekuja asubuhi na dumu la tatu. Sikujua kama lipo. Mke wake amekuwa akiweka humo maziwa ya watoto.

"Naomba ule msumari," alisema.

Alitoboa mwenyewe. Chini, halafu ubavuni, kama kaka yake.

Kisha tukampeleka mtoto wao mdogo zahanati. Anatapika tangu jana. Mganga alimpa maji ya chumvi na sukari, akasema turudi nyumbani tungoje. Mtoto amelala kitandani kwangu, upande wa Bura. Bura alikuwa akipiga mluzi mdogo akivua viatu mlangoni, nisishtuke. Mama mkwe ameingia, ameketi karibu nami. Tunasikiliza mtoto anavyopumua.