Kamba ya Papa kwenye nguzo ya Wagiriki

Siku ya Mungu, Jumapili. Jua kali, upepo kidogo, na mimi niko na kiburi sawa jogoo.

Leo nimefika. Mimi, mutoto wa kijiji ya Ntoto, mwenye aliacha masomo mbele ya kujua kugawanya, niko naandika nimekaa juu ya jiwe ya hekalu ya zamani, mu inchi ya Wagiriki. Wale walinishinda darasani wasome hii polepole. Bado wako kule, wanafukuza nyani mu mashamba.

Patro Yani, bosi wangu, njo alinileta. Ni Mugiriki mwenye duka kwetu Masisi, mimi nauzaka ndani. Alitaka kuona mama yake, lakini mugongo inamuuma, hawezi kubeba masanduku. Nikabeba.

Papa, baba yangu, hakuamini. Yeye anajengaka nyumba, sasa anajenga kanisa ya Ntoto. Siku ya kuagana alinipa kamba yake ya kupimia, akasema mbele ya watu wote: “Weye mudomo mukubwa, usinirudilie na hadisi. Zungusha kamba kwa nguzo ya hekalu yao, ufunge fundo pale inakutana. Pasipo fundo, nitajua ulijificha Bukavu.”

Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Kile kicheko kilivuka bahari pamoja na mimi.

Basi leo nikakumbatia nguzo na kamba.

Haikufika.

Kamba yenye inazungukaka muti mukubwa ya pori, hapa ilikosa. Nikavua mukaba ya suruali, nikaunganisha. Mulinzi mumoja munene akakuja mbio na fimbo, alizani nataka kuangusha hekalu. Patro alijishika mugongo juu ya kucheka, akamuelezea kwa luga yao: baba ya huyu ni fundi, anangoja kipimo.

Mulinzi akaweka fimbo chini, akashika ncha ya kamba, akafinya na kidole pale fundo inapaswa kukaa. “Kaza,” Patro akanitafsiria.

Nikakaza. Suruali ikashuka.

Kisha mulinzi akauliza kanisa ya Papa iko na nguzo gani. “Za muti,” nikajibu. “Lakini yetu itakuwa na paa, kaka. Yenu iko wapi?” Patro akakataa kutafsiri.

Hapa tu nitasema kweli: nilipogusa ile jiwe, nilisahau kujisifu. Mimi. Kuna fundi aliichonga, na mvua yote ya toka zamani haijaishinda. Nilitamani Papa aiguse, si mimi.

Sasa mukaba ni sehemu ya kipimo. Nikifungua, fundo inakufa. Kwa hiyo nitashika suruali na mukono, bahari yote, mpaka Ntoto. Nitatandika kamba chini mbele ya kanisa, izunguke vile nguzo inazunguka, na nitaomba Papa aingie ndani ya ile duara asimame.

Atacheka tena? Acheke.

Lakini atakuwa amesimama ndani.